Majina Kwenye Majabali

Jumatatu, 2 Mei 1966

Eda imekwisha leo. Miezi minne na siku kumi ndani ya chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Wamenikosha, wamenifukiza udi, wamenivisha nguo ya rangi, kisha Bibi Shaikha, mama yake marehemu mume wangu, akasema, "Haya, umetoka." Nimetoka wapi na nimeingia wapi, hilo hakusema.

Daftari hili lilikuwa la Ghanim, Mungu amrehemu. Alikuwa karani forodhani, na kurasa za mwanzo zimejaa majina ya meli kwa mkono wake mzuri. Sikuzichana. Mimi nilikuwa mwalimu Unguja, na mwalimu asipoandika huanza kusema peke yake, na humu ndani nikianza kusema peke yangu watasema nimepandwa na shetani. Basi n'taandika.

Wanangu ni wawili. Aflah katimiza saba mwezi uliopita, Kheiria ana minne. Tuko Maskati tangu mwaka tuliofukuzwa kwetu, karibu miaka miwili na nusu sasa, na mji huu siujui. Nnazijua ngazi za kutoka chumbani mpaka jikoni.

Jumatano, 4 Mei

Joto. Kheiria analia maji, anapewa, analia tena.

Ijumaa, 6 Mei

Shemegi Marhoon kaja kutoka Sib na vikapu viwili vya ndimu na vitunguu. Yeye ni kaka mkubwa wa Ghanim. Ana mashamba ya mitende huko, wake wawili, na sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Alikaa barazani, mimi nyuma ya pazia. Tangu Ghanim afe hajalala humu hata usiku mmoja. Akija asubuhi huondoka alasiri, kwa kuwa shemegi si maharimu wangu na haijuzu mimi na yeye kulala chini ya dari moja. Mtu mwenye adabu kweli.

Kiswahili hakijui. Alisema kwa Kiarabu, na mimi nnaliandika kwa lugha yangu.

"Mama Aflah, mtoto katimiza saba. Umri wa kuulizwa huu. Mavuno ya tende yakimalizika n'tamleta kadhi hapa, amuulize mwenyewe: Sib au Maskati. Mimi simlazimishi mtu. Atakalosema mtoto ndilo."

Yeye akaendelea taratibu, ati Sib kuna mfereji wa maji baridi watoto wanaogelea mchana kutwa, kuna punda mweupe, kuna watoto wake sita wa kucheza nao. Mambo ya haki, alisema kwa haki. Nikamshukuru. Kweli nilimshukuru, Mungu ni shahidi.

Sasa nnakaa nnafikiri. Yeye ana punda na mfereji. Mimi nna nini? Mawe, ukuta, na bahari isiyoogewa. Mji wenyewe mimi siupendi, nnausema wazi humu kwa kuwa hakuna anayejua kuzisoma herufi zangu. Lakini nna miezi minne. N'tampendezesha huu mji mpaka aote meno yake mapya ndani yake.

Jumatatu, 9 Mei

Tumetoka. Bakhita katutangulia. Bakhita ni mtumishi wa nyumba hii tangu kuzaliwa. Jina la kweli la hali yake sipendi kuliandika. Yeye ndiye anayetuletea maji kutoka visimani nje ya ukuta, basi kila kichochoro anakijua kwa nyayo. Mama yake alitoka Kilwa, na Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu.

"Bibi," kaniambia, "mji huu mdogo. Ukipiga chafya Lango Kubwa, wa forodhani atakwambia Mungu akurehemu."

Mdogo kweli. Ukuta upande wa bara, bahari upande wa pili, na majabali meusi yameuzunguka pande zote. Ngome mbili ziko juu ya majabali, moja huku moja kule, zinatazamana. Ile ya mashariki Aflah alitaka kuinyooshea kidole, Bakhita akamshusha mkono upesi. Mle mna wafungwa.

Tukenda ya magharibi. Chini yake kulikuwa na askari Mbaluchi, mtu wa makamo, kakaa kivulini anashona kiatu chake. Aflah akamuuliza nani kaijenga. Yule akafurahi kuulizwa, nadhani hajaulizwa kitu mwaka mzima. Akasema Wareno, na wakati ule mfalme wao alikuwa mfalme wa Spania, na jina lake limechongwa kwenye jiwe huko juu.

"Wako wapi sasa?" Aflah kauliza.

"Walifukuzwa."

Akanigeukia mimi, kwa Kiswahili. "Kama sisi?"

"Wao walikuwa na mizinga," nikamjibu.

Lakini kilichomshika si ngome. Ni majina. Kwenye majabali ya bandarini, juu kabisa, mabaharia wa meli zilizowahi kutia nanga hapa wameandika majina ya meli zao kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kubwa za Kizungu, mengine yamefifia, mengine utadhani ya jana. Mwanangu akasimama mdomo wazi. Nikajua nimepata punda wangu.

Jumapili, 15 Mei

Kila alasiri sasa, jua likishuka nyuma ya jabali. Nnamfundisha herufi kwa majina ya meli. Jana tatu, leo tano. Kheiria namweka kiunoni, anaweka kichwa begani kwangu na kudai maji. Aflah anasoma kwa sauti, watu wa pwani wanageuka.

Leo kauliza, "Meli yetu sisi, iliyotuleta kutoka Unguja, jina lake liko wapi?"

Tulilitafuta mpaka macho yakauma. Haliko.

"Kwa nini haliko?"

Nilimjibu la kwanza lililonijia. "Wanaoandika ni wale waliokuja wakaondoka. Wanaokaa hawaandiki."

Akaridhika. "Basi sisi hatuandiki," akasema. Nikambusu pale pale mbele za watu.

Jumatatu, 16 Mei

Bibi Shaikha kanuna. "Mwanamke hajakauka hata maji ya eda, keshageuka mzururaji wa njiani." Ungujani alasiri tulikuwa tukitoka na watoto, tukizungukia nyumba za watu, tukirudi na kashata kwenye kanga, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Jumamosi, 28 Mei

Shemegi kaja. Nilidhani Bibi kamsemea, na kweli kamsemea, niliwasikia. Lakini yeye akacheka tu. Akamletea Aflah viatu vipya vya ngozi. "Mwachie mtoto aijue nchi ya baba yake," akaniambia kupitia pazia. "Mtembeze, mama Aflah. Mtembeze sana."

Mama na mwana, mbingu na ardhi. Huyu mtoto kapata wapi moyo mwema, kwa mama mwenye ulimi wa shubiri vile?

Jumanne, 7 Juni

Leo tulikwenda mpaka Lango Kubwa, upande wa sokoni. Mara mia nimemfundisha Aflah: ukipotea usilie, muulize mtu bahari iko wapi, ifuate; nyumba yetu iko nyuma ya forodha. Nilikuwa nikimfundisha kama dua, sikudhani ipo siku itafaa. Kheiria akataka maji. Nikainama, Bakhita akamimina kwenye kikombe, Kheiria akanywa nusu na nusu akajimwagia. Kuinuka, Aflah hayupo.

Nikamwita. Hakuna. Nikaingia kichochoro cha kwanza, cha pili, vyote vinafanana, ukuta wa udongo huku na ukuta wa udongo huku. Nilipiga ukelele kwa Kiswahili, "Aflah we! Aflah!", katikati ya soko la wanaume, buibui limeanguka mabegani, Kheiria analia kiunoni. Wanaume wenye majambia viunoni wakaacha kazi zao wakanitazama. Hakuna aliyenisaidia, hakuna aliyenifukuza. Walinitazama tu. Mmoja akasema "Zinjibariya", yaani mwanamke wa Unguja, na mwenzake akatikisa kichwa, mambo yote yakawa yameelezeka.

Nilikimbia mpaka pumzi zikaniishia. Nilijiona nnasimama mbele ya kadhi, nnaulizwa mtoto yuko wapi.

Bakhita ndiye aliyempata. Yuko forodhani, kakaa juu ya gunia la mchele na mchukuzi mmoja mzee, wanakula halua kwa vidole. Nilimshika, nikampiga kofi, nikamkumbatia, yote kwa mpigo mmoja.

"Mama, mimi sikupotea," akaniambia, halua mashavuni. "Niliuliza bahari, nikaja. Wewe ndiye uliyepotea."

Jumatano, 8 Juni

Bibi Shaikha kaniita chumbani kwake. Nilijua nnakwenda kusutwa, nikajifunga kibwebwe moyoni. Kweli alianza na mji mzima umeisikia sauti yangu, na aibu, na jina la marehemu mwanawe. Kisha akawa anachambua punje za hiliki kwenye sahani.

"Kaa kitako, Mahfoudha." Jina langu halitaji mara nyingi. "Marhoon nilimzaa humu ndani. Alipokuwa na miaka sita mume wangu akanichukua Pemba, akasema mtoto abaki, mkubwa wa kiume abaki na babu yake. Nikamwambia mtoto, nakuacha na nyumba, nakuacha na bahari, mpaka nirudi. Nilikaa miaka kumi na moja. Ghanim nikamzaa huko. Niliporudi, Marhoon kanipokea mlangoni, kijana mzima. Unajua aliniitaje? 'Karibu, mama Ghanim.' Mpaka leo hajaniita mama."

Nikasema pole.

"Sikukuita unipe pole. Mtoto ukimfundisha mahali, hushika mahali. Ukuta hauendi popote, bahari haiendi popote. Wewe ni mtu, unaondoshwa. Kila siku unamtembeza unampendezesha mji. Wewe mwenyewe unajipendezesha kwake lini?"

Niliondoka nimekasirika. Maneno ya mtu aliyeungua, anayetaka kila mwenye chungu jikoni aungue. Anataka nimfungie mtoto ndani nitazame naye ukuta, ili mwishoni aseme Sib kwa kukimbia joto. Naijua mbinu hii.

Jumatatu, 20 Juni

Upepo wa moto kutoka majabalini. Hatukutoka.

Ijumaa, 1 Julai

Maulidi leo. Kwetu mji ungekuwa umevaa. Hapa kimya. Niliwakalisha watoto juu ya dari, nikawasomea niliyoyakumbuka kwa sauti ndogo, Bakhita kaja kukaa nasi na marashi yake kwenye chupa ya dawa. Aliyesimama kwenye ngazi kwa muda wote, akisikiliza, ni Bibi Shaikha. Hakupanda juu.

Jumanne, 12 Julai

Mji umehama. Msimu wa tende umepamba moto na wenye mashamba wote wamekwenda Sib na kwingineko kukaa chini ya mitende. Wamebaki Wahindi wa maduka, askari wa malango, na sisi wasio na pa kwenda. Bibi Shaikha kila mwaka huenda. Mwaka huu kasema miguu inamuuma. Miguu! Jana kapanda ngazi zote kuangalia kama mlango wa dari umefungwa. Kabaki ili anichunge, wala hanidanganyi.

Shemegi katuletea tende mbivu za kwanza, laini, zinavuja asali. Watoto wamekula mpaka Kheiria katapika. Alitualika Sib. Nikakataa kwa adabu. Akaniambia, "Nakuelewa," na mimi nikaona kweli kanielewa.

Jumapili, 24 Julai

Leo nilikwenda na watoto kwa muuza vitambaa. Nikauliza kwa Kiarabu changu cha kuunga unga. Aflah kanivuta buibui, akasema chini chini, "Mama, nyamaza, n'tasema mimi." Akasema yeye. Alisema kama wao, kwa koo lile lile, mpaka muuzaji akamwita mtoto wa mjini na kumpa kipande cha uzi mwekundu bure.

Njiani nikamuuliza, "Unaona haya mama yako akisema?"

"Hapana," akasema. Kisha akafikiri, mtoto mkweli wa watu. "Kidogo."

Nilimtaka awe wa hapa, si ndiyo? Basi kawa wa hapa. Nimetaka mwenyewe. Lakini uchungu huu sikuutaka.

Ijumaa, 5 Agosti

Shemegi kaja na mafundi wawili. Wanatengeneza chumba cha juu, kile kikubwa chenye madirisha ya baharini, kilichofungwa tangu babu yao alipofariki. Wanabandua udongo mbovu, wanapaka mpya, wanaweka na mlango. Ati mvua za baridi zikija dari lisivuje. Nyumba hii ni ya baba yao, na fungu la Ghanim sasa ni la Aflah, na yeye ami yake ndiye msimamizi wa mali ya yatima. Haoni vizuri mali ya yatima iharibike.

Nimemwombea dua baada ya sala. Nimeandika haya niyakumbuke siku nikikutana na mtu mwingine mwema, nipate kulinganisha.

Bakhita anachota maji ya udongo wa mafundi tangu alfajiri. "Chumba kikubwa hiki, bibi," kasema. "Mtu hatengenezi chumba hivi kwa ajili ya mvua."

"Na wewe Bakhita, umeshakuwa fundi?"

Akacheka, akaondoka na mtungi wake.

Ijumaa, 19 Agosti

Tumesoma majina yote ya majabalini yanayosomeka. Aflah anayajua kwa moyo, kutoka huku kwenda kule. Anamjua askari Mbaluchi, anamjua mzee wa forodhani, anajua paka yupi wa nani. Kheiria naye siku hizi anatembea kwa miguu yake, anamfuata kaka yake kama mkia. Jioni hii walikaa ufukweni wote wawili, anamfundisha herufi ya jina lake mchangani, nikawa nnawatazama na kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii nikauona mji mzuri. Muda mfupi tu. Nimeona ni haki niandike na hilo.

Jumanne, 30 Agosti

Tende zimemalizika kuvunwa. Shemegi katuma mtu: kadhi atakuja Jumapili ya tarehe kumi na moja.

Kila asubuhi sasa tunafanya mchezo.

"Nani atakuuliza?"

"Kadhi."

"Atasemaje?"

"Sib au Maskati?"

"Na wewe utasemaje?"

"Maskati!" Na Kheiria kutoka pembeni, "Makati!"

"Kwa sauti. Usitazame chini. Usimtazame ami."

Leo kaniuliza, "Na akisema mama au ami?"

"Hatasema hivyo."

"Akisema?"

"Aflah, hilo si la kuuliza. Ami yako yuko Sib, mimi niko Maskati. Ukisema Maskati umeshasema yote." Nikampa kipande cha halua, akaenda zake akiimba, Maskati, Maskati.

Jumatatu, 12 Septemba

Ilikuwa jana. Sikuweza kuandika jana.

Walikuja baada ya alasiri. Kadhi, mtu mnyonge mwenye kikohozi, na wazee wawili wa ukoo, na Shemegi Marhoon kavaa kanzu mpya. Walikaa barazani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na Kheiria mapajani, Bibi Shaikha pembeni yangu, Bakhita nyuma yetu na sinia la kahawa ambalo hakuna aliyelikumbuka.

Aflah akaitwa katikati. Nilimvisha kofia ya baba yake, nimeitia pindo ndani imkae. Kadhi akamkalisha karibu, akamuuliza jina lake, akamuuliza sura gani anazijua. Kasoma mbili bila kukosea. Kisha:

"Aflah bin Ghanim, unataka kukaa wapi, mwanangu? Sib au Maskati?"

"Maskati!"

Kwa sauti kabisa. Hakutazama chini. Mimi nilishika mdomo wangu kwa mikono miwili, vigelegele vilikuwa vinanitoka. Nikamgeukia Bibi Shaikha nimwone alivyoshindwa. Alikuwa kafumba macho.

Wa kwanza kusema alikuwa Marhoon. "Alhamdulillahi," akasema, kwa sauti ile ile ya kubembeleza. "Ni heri. Mimi nami nimekwisha nuia kurudi nyumbani kwa baba yangu. Sib nnamwachia mwanangu mkubwa ayatazame mashamba. Chumba cha juu kiko tayari, watu wangu wanahamia wiki hii. Mtoto kachagua nyumba ya baba yake, na ndani yake atalelewa na ami yake."

Kadhi akakohoa. "Na mama yake?"

"Mama yake mimi namheshimu. Lakini wewe unajua, shekhe, mimi si maharimu wake. N'takaaje naye chini ya dari moja? Ana kaka yake, Thabit, kwenye mji wa Qurayyat. N'tampeleka kwa heshima zote. Na binti aende naye, bado mdogo."

Adabu yake ile. Kutolala humu kwake. Ndimu, viatu, tende, chumba. Mtembeze, mama Aflah, mtembeze sana. Yote yalinipita mbele ya macho, moja baada ya jingine, na kila moja nililishukuru kwa mdomo wangu huu.

Sikujali mlango wala pazia. Nilipiga kelele, "Muulizeni anamtaka nani! Muulizeni nani!" Wazee wakainamisha vichwa kwa aibu, aibu yangu, si ya Marhoon. Kadhi, Mungu amlipe kwa kiasi cha alilofanya, akamgeukia mtoto. "Unasemaje, mwanangu? Na mama yako?"

Aflah akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu. "Mama si yuko hapa hapa Maskati?"

"Mtoto amejibu," akasema Marhoon.

Kadhi akachezea tasbihi yake. Halafu akasema, "Amejibu," na akainuka kwenda kusali.

Aflah kaja mbio ndani, kofia imemwangukia machoni. Kanishika shingo. "Mama, nilisema vizuri?"

"Ulisema vizuri," nikamwambia. "Vizuri sana, mwanangu."

Jumanne, 13 Septemba

Bibi Shaikha hajala tangu juzi. Usawa wa adhuhuri kaniletea uji mwenyewe, kwa mikono yake, kapanda ngazi kwa miguu ile inayomuuma. Na kweli inamuuma, imevimba, nimeiona kwa macho yangu. Hakubaki mwaka huu kunichunga. Alibaki ili mwanawe asikute nyumba haina mwenyewe akahamia mapema.

"Nilimwambia akuoe," kasema. "Ungebaki na mwanao, hata kama ungebaki kwa karaha. Kakataa. Kasema mwanamke wa kuzurura masokoni na kupiga kelele hamtaki nyumbani mwake. Mji mzima shahidi."

"Ulinionya."

"Sikukuonya vizuri. Nimesahau kusema na mtu kwa upole, Mahfoudha. Wa kusema naye hivyo nilimwacha mdogo."

Nikaula uji wake. Tulikuwa wanawake wawili tumekaa sakafuni, mmoja kakosa mtoto zamani na mmoja anakosa wiki hii, na aliyemkosesha wa pili ni yule yule aliyekoswa na wa kwanza. Nilitaka kumlaani Marhoon mbele ya mama yake. N'tamlaani nikifika Qurayyat, nna muda wa kutosha.

Alhamisi, 15 Septemba

Wake za Marhoon wamehamia. Vyombo vinapanda ngazi siku nzima. Watoto sita. Aflah anawaonyesha nyumba, anawaambia dirisha gani lina upepo.

Jumapili, 18 Septemba

Nimemwambia. Nilimwambia n'nakwenda kumtazama mjomba Thabit na Kheiria, yeye abaki asome. Akauliza siku ngapi. Nikasema nyingi kidogo. Akauliza kama mwezi. Nikasema usingizi umekuja, lala.

Jumanne, 20 Septemba

Naandika haya mashuani, Kheiria kalala miguuni kwangu, mstari unakwenda unakotaka.

Asubuhi hii Aflah ndiye aliyetuongoza pwani. Ami yake alikuwa nyuma, Bakhita kabeba fuko langu kichwani, na yeye mbele na viatu vyake vya ngozi. Alikata kichochoro ambacho mimi sikukijua, tukatokea forodhani kabla ya wale waliopita njia kubwa. Alikuwa akijisifu. Akamwonyesha ami yake ngome: hii kajenga Mreno, mfalme wake wa Spania, walifukuzwa. Maneno yangu, kwa Kiarabu chake. Marhoon akaweka mkono begani kwake, akasema, "Mashaallah, nani kakufundisha?"

"Mama Kheiria," akasema.

Sijui kama alisikia alilolisema. Siku tano hizi watoto wa Marhoon wananiita hivyo, kaliokota kwao. Bibi Shaikha hakuwepo pwani. Sijui kama ni miguu au ni kwa kutotaka kulisikia neno kama lile mara ya pili katika maisha yake.

Nilimkumbatia mpaka akasema namuumiza. Nikamwambia asome, ale, asipite upande wa ngome ya mashariki, amwamkie bibi yake kila asubuhi na amwite bibi. Bakhita alikuwa analia waziwazi, haoni haya; machozi peke yake ndiyo aliyobakishiwa yawe yake.

Nilipokwisha kanyaga maji, akaniita. "Mama!"

Mama. Nikageuka upesi mno, karibu nianguke.

Alikuwa anatazama juu, kwenye majabali, anatafuta nafasi tupu kati ya majina. "Wanaokuja wakaondoka ndio wanaoandika, si ndiyo? Basi wewe utaandika wapi?"

Wote pale pwani walikuwa wananingoja nijibu, na mabaharia wameshika makasia.

Nikamwambia sina rangi.